Mkate wa Ndizi na Karanga

Mji wa Uvira umekaa mahali pembamba. Upande wa mashariki pana maji ya Ziwa Tanganyika, na upande wa magharibi yasimama milima ya Mitumba. Kati ya maji na milima ndipo watu walipojenga nyumba zao, masoko na shule, na huko ndiko uliko mtaa wa Nyamianda. Ndizi hazikosekani sokoni. Nyingine hutoka milimani, nyingine hutoka bonde la mto Ruzizi, zikichukuliwa vichwani mwa akina mama au juu ya baiskeli. Karanga nazo hulimwa katika bonde hilo. Mama aliye na ndizi zilizoiva mno, na karanga chache, na mbabula moja yenye makala, anaweza kuoka mkate mtamu bila tanuru ya mwokaji.

Mkate huu si kama ule wa mwokaji. Mwokaji hutia hamira katika unga wake. Hamira ni vijidudu vyenye uhai, vidogo hata havionekani kwa macho. Vijidudu hivyo hula sukari iliyomo katika unga, vikatoa hewa, na hewa hiyo huinua donge. Lakini vyataka muda. Mwokaji hukanda usiku, akangoja, akakanda tena, akangoja tena, na mkate hutoka tanuruni alfajiri. Mkate wa ndizi haungoji. Tangu kumenya ndizi hata kuweka chombo motoni hazipiti dakika 20. Kinachouinua hakina uhai. Ni unga mweupe uitwao hamira ya unga, ambao huuzwa dukani katika vipakiti au vikopo vidogo.

Unga huo wafanyaje kazi? Mtoto akitia magadi ya dukani, yale meupe na laini, kidogo tu katika kijiko, kisha akakamulia ndimu, ataona povu likipanda mara moja. Povu hilo ni hewa. Magadi yakikutana na kitu kikali kama ndimu, hutoa hewa ile ile tuitoayo puani tunapopumua. Katika hamira ya unga, magadi na kitu kikali vimekwisha kuchanganywa pamoja, navyo ni vikavu. Maadamu ni vikavu, havifanyi neno. Vikipata maji, huanza kazi. Vikipata moto, huimaliza. Kwa sababu hii kikopo cha hamira ya unga hufunikwa vizuri sana. Unyevu wa ziwa ukiingia, kazi hufanyika ndani ya kikopo, na siku ya kuoka hakuna kilichobaki. Mkate hutoka mgumu kama tofali, na watu husema mpishi hajui kazi, kumbe kosa ni la kifuniko.

Zamani hapakuwa na hamira ya unga. Akina mama wa nchi zetu walijua kuchoma maganda ya ndizi, kuchuja maji katika majivu yake, na kutia maji hayo katika maharage ili yaive upesi. Katika majivu hayo mna chumvi kali iitwayo potasi. Watu wa Marekani walipata potasi yao katika majivu ya kuni, nao wakagundua kwamba huinua mikate. Hati ya kwanza kabisa ya uvumbuzi iliyotolewa na serikali ya Marekani, mwaka 1790, ilikuwa juu ya namna ya kutengeneza potasi. Miaka 6 baadaye, mwaka 1796, Amelia Simmons alichapisha kitabu cha mapishi ambamo potasi yatiwa katika maandazi. Lakini potasi ilikuwa na ladha ya sabuni. Mwaka 1843 mwuza dawa mmoja wa Birmingham, Uingereza, jina lake Alfred Bird, aliona taabu ya mke wake ambaye hakuweza kula mkate wenye hamira, kwani ulimdhuru. Akachanganya magadi na kitu kikali, vyote vikavu, akapata unga wa kuinulia mkate. Hivyo unga huu ulianza kwa ajili ya mgonjwa mmoja. Mkate wa ndizi wenyewe ulienea sana Marekani katika miaka ya 1930, wakati wa shida kubwa ya fedha, watu walipokuwa hawataki kutupa hata ndizi moja iliyolainika.

Vitu vinavyotiwa katika mkate huu vimesafiri mbali kuliko mtu yeyote wa Nyamianda. Ngano ilianza kulimwa Mashariki ya Kati, yapata miaka 10,000 iliyopita. Migomba na miwa asili yake ni Asia ya kusini-mashariki na kisiwa cha New Guinea. Kuku naye ni mgeni kutoka Asia. Karanga zatoka Amerika ya Kusini, nazo zililetwa Afrika na Wareno katika karne ya 16. Kati ya vyote, mwenyeji ni mmoja tu, naye ni mchikichi, utoao mafuta ya mawese. Huo ni mti wa Afrika hasa. Chumvi pia yaweza kuwa ya karibu: chemchemi za Uvinza, upande wa Tanzania, zimetoa chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000, na mitumbwi iliivusha ziwani kabla ya meli ya kwanza kuonekana.

Tuanze na ndizi. Bitoke, yaani ndizi za kupika, hazifai kwa mkate huu. Zatakiwa ndizi za kula, ziwe ndefu au ziwe zile fupi na tamu ziitwazo kamaramasenge. Tena ziwe zimeiva sana, ganda likiwa na madoa meusi mengi. Watu wengi huziona ndizi za namna hiyo kuwa mbaya, na mwuzaji huzitoa kwa bei ndogo jioni. Kwa mkate hizo ndizo bora. Ndizi mbichi imejaa wanga, kama muhogo. Kadiri inavyoiva, wanga hugeuka kuwa sukari, na ndizi yenye madoa karibu wanga wake wote umegeuka. Mpishi anayetumia ndizi ya manjano safi itambidi aongeze sukari ya kununua. Anayengoja siku 2 au 3 hupewa sukari hiyo bure na ndizi yenyewe.

Kama mkate watakiwa Jumapili na ndizi bado ngumu, zaweza kuhimizwa. Huwekwa ndani ya gunia au kikapu kilichofunikwa, pamoja na ndizi moja iliyoiva au embe bivu. Tunda bivu hutoa hewa fulani isiyoonekana, nayo huyaambia matunda mengine yaive. Wazee walizika ndizi katika shimo lenye majani makavu, wakafaulu, ingawa hawakuijua hewa hiyo kwa jina.

Lakini si kila ndizi iliyoiva imeiva kwa heri. Mwaka 2001 ugonjwa wa mnyauko ulionekana katika migomba ya Masisi, Kivu ya Kaskazini, ukaenea katika nchi nyingi za Maziwa Makuu, na Kivu ya Kusini pia haikusalimika. Mgomba ulioshikwa na ugonjwa huu huivisha ndizi kabla ya wakati wake, nyingine zimeiva na nyingine mbichi katika mkungu mmoja. Ndizi ikikatwa, nyama yake ina madoa ya rangi ya kutu. Ndizi hiyo hailiki, wala haifai mkate. Ugonjwa hausambazwi na nyuki na wadudu peke yao, bali na panga pia. Mtu akikata mgomba mgonjwa kisha akakata mgomba mzima kwa panga lile lile, ameua shamba kwa mkono wake mwenyewe. Wakulima wenye akili hupitisha panga motoni kwanza. Mtoto aendaye kukata mkungu afanye hivyo hivyo.

Sasa karanga, na hapa pana jambo kubwa. Karanga yenye ukungu yaweza kuua.

Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa ghafula. Waganga wa wanyama walitafuta sababu, wakaiona katika chakula chao: kilikuwa na karanga zilizosagwa, nazo zilikuwa na ukungu. Ukungu huo hutoa sumu ambayo wataalamu waliiita aflatoksini, na siku hizi Waswahili wengi huiita sumukuvu. Huharibu ini. Mtu akila kidogo kidogo kwa miaka mingi, yaweza kumletea saratani ya ini. Akila nyingi kwa mara moja, yaweza kumwua katika siku chache. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni na Kitui na jirani zake nchini Kenya, mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu yaliugua ukungu huo huo. Watu 317 walipata ugonjwa, na 125 kati yao walikufa.

Ubaya wa sumu hii ni kwamba moto wa jikoni hauimalizi. Karanga ikishakuwa na sumu, mpishi aweza kuikaanga hata iwe nyeusi, na sumu nyingi ingali imo. Tena ikisagwa na kutiwa sukari na ndizi, ladha yake mbaya hufichika. Kwa hiyo kazi ya kuchagua yafanywa kabla ya kukaanga, mchana, mahali penye mwanga, na haifanywi kwa haraka. Karanga humwagwa juu ya ungo na kutazamwa moja moja. Iliyo na vumbi la kijani au la manjano hutupwa. Iliyokunjamana hutupwa. Iliyotobolewa na wadudu, iliyobadilika rangi, iliyoanza kuchipua, zote hutupwa. Na mtu akitafuna karanga moja akaona ni chungu, aiteme.

Mtoto huuliza: “Mama, mbona wamwaga karanga zilizonunuliwa kwa fedha?”

“Mwanangu, fedha imekwisha kupotea sokoni. Nisipozimwaga, nitapoteza na wewe.”

Wala zisipewe kuku. Kuku hudhurika pia, na sumu hupita ndani yake. Mkulima ndiye mwenye uwezo mkubwa wa kuzuia jambo hili. Karanga zikishang'olewa, zianikwe upesi juu ya mkeka au turubai, si juu ya udongo mtupu, hata zilie kwa sauti ndani ya ganda zikitikiswa. Mvua ikitaka kunyesha, ziingizwe ndani. Zikiwekwa, ziwekwe juu ya vijiti, mbali na ukuta na sakafu, maana unyevu hupanda kutoka ardhini. Karanga zilizomo katika maganda yake hukaa salama kuliko zilizobanjwa.

Unga wa ngano haulimwi kando ya ziwa. Ngano yapenda baridi, na ufuko wa Uvira, ulio kama meta 770 juu ya bahari, una joto mwaka mzima. Unga huja kutoka mbali, kwa lori au kwa meli, na njia ikiharibiwa na mvua au mpaka ukifungwa, bei hupanda siku ile ile. Kwa hiyo akina mama wengi huuchanganya na unga wa muhogo. Si jambo la aibu. Tangu mwaka 1964 shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, FAO, lilianza kuhimiza utafiti wa mikate yenye unga wa namna hiyo. Ila pana mpaka. Ngano ina kitu chenye kunata ambacho hushika hewa kama mpira, muhogo hauna. Robo moja ya muhogo na robo tatu za ngano zafaa. Nusu kwa nusu, mkate huvunjika mkononi. Muhogo uwe ule ulioloweshwa siku kadha na kuanikwa vizuri, kwani muhogo mchungu usioloweshwa una sumu yake pia.

Kwa mkate mmoja vyahitajiwa hivi: unga gramu 250, yaani vikombe 2 vikubwa, ndizi ndefu 3, au fupi 6 au 7, karanga konzi 2 zilizojaa, sukari nusu kikombe, au pungufu kama ndizi ni tamu sana, mayai 2, mafuta theluthi ya kikombe, hamira ya unga vijiko vya chai 2, na chumvi kidogo. Mafuta ya mawese yafaa. Yatampa mkate rangi ya dhahabu, na ndani yake mna vitamini A, ambayo huzuia ugonjwa wa macho kwa watoto. Mawese mapya ni mazuri. Ya zamani yana harufu ambayo ndizi haiwezi kuishinda.

Kabla ya kugusa chochote, mpishi hunawa mikono kwa sabuni na maji safi. Neno hili si la kupamba ukurasa. Uvira ni mji ambao kipindupindu kimerudi mara kwa mara kwa miaka mingi, na maji ya ziwa na ya mito yamekuwa njia yake. Moto wa mkate huua vijidudu vyake, lakini mkate hukatwa na kugawanywa baada ya kutoka motoni, na mikono ile ile ndiyo inayogawa.

Mayai hujaribiwa kwanza katika bakuli la maji. Yai jipya hulala chini. Yai la siku nyingi husimama wima, kwa sababu ndani ya ganda hewa imeongezeka. Likielea, halifai. Tena kila yai hupasuliwa katika kikombe peke yake, lisije moja bovu likaharibu chakula chote.

Karanga zilizochaguliwa hukaangwa kwa moto mdogo, huku zikigeuzwa, mpaka maganda yake mekundu yakubali kutoka. Zikipoa, husuguliwa viganjani, makapi yakapepetwa, kisha hupondwa kinuni. Zisipondwe zikawa unga. Uzuri wa mkate huu ni kwamba jino lakutana na kipande cha karanga katikati ya ulaini wa ndizi.

Ndizi humenywa na kupondwa kwa uma au kwa mwiko ndani ya bakuli kubwa. Sukari, mafuta na mayai hutiwa humo, vikapigwa pamoja mpaka vishikane. Katika bakuli la pili unga huchekechwa pamoja na hamira na chumvi. Halafu kikavu humwagwa juu ya kimajimaji, na mwiko huzungushwa mara 12 au 15 tu. Hapo ndipo wapishi wengi, hasa wale wenye nguvu, hukosea. Wamezoea kukoroga ugali, ambao hudai mkono mzito. Mkate huu wadai mkono mwepesi. Kile kitu chenye kunata kilichomo katika ngano, kikikorogwa sana, huwa kigumu kama kamba, na mkate hutoka mzito na wenye mashimo marefu kama njia za mchwa. Unga ukiwa bado una vidonge vidogo, si kitu, vitakwisha motoni. Mwisho hutiwa karanga, na konzi moja huachwa kwa kunyunyiza juu.

Baada ya hapo hakuna kungoja. Hamira ya unga imekwisha kulowa na hewa imeanza kutoka. Kwa hiyo ni lazima moto uwe tayari kabla ya kuchanganya.

Tanuru ya Nyamianda ni sufuria kubwa yenye kifuniko cha bati. Chini yake hutiwa mchanga mkavu, unene wa vidole 2, au huwekwa vijiwe 3 vya kulingana. Kazi ya mchanga ni kugawa joto ili upande wa chini usiungue. Mchanga wa ufukoni wafaa, mradi uoshwe, uchekechwe na kuanikwa. Usichukuliwe mahali wanapoanikia ndagala! Sufuria ikipata moto, mkate wote utanuka samaki, na hakuna mtoto atakayekubali kwamba aliletewa mkate wa ndizi. Sufuria hufunikwa, huwekwa juu ya mbabula, na makala mengine yaliyowaka hupangwa juu ya kifuniko. Juu yawe mengi kuliko chini, kwa maana joto hupanda, na lile la chini halihitaji msaada.

Moto wa kutosha wajulikanaje, mahali pasipo kipimo? Mpishi hunyunyiza unga kidogo katika sahani ya bati, akaiweka ndani ya sufuria na kufunika. Baada ya dakika 3 hivi hufunua. Unga ukiwa na rangi ya dhahabu, moto wafaa. Ukiwa mweusi, apunguze makala. Ukibaki mweupe, aongeze.

Mbabula hukaa nje, au penye upepo. Makala yanayowaka hutoa hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo huondoa nguvu ya damu kuchukua pumzi. Katika nyumba iliyofungwa watu husinzia, wakaumwa kichwa, wasiamke tena. Mvua ikinyesha, ni afadhali mkate ungoje kesho kuliko kuingiza mbabula chumbani na kufunga mlango.

Uji wa mkate humiminwa katika kopo au chombo cha bati kilichopakwa mafuta na kunyunyizwa unga, ukifika theluthi mbili za kimo chake, maana utapanda. Chombo huwekwa juu ya mchanga, sufuria hufunikwa, na kwa dakika 30 za kwanza kifuniko hakiguswi. Mtoto mwenye hamu ndiye adui wa mkate. Ndani, hewa imeinua uji, lakini kuta za vishimo vyake ni laini bado. Kifuniko kikifunuliwa, joto hukimbia, hewa hunywea, na katikati ya mkate hudidimia kama paa lililobeba maji. Harufu itatosha kwa wakati huo.

Baada ya dakika 50 hivi kijiti kikavu huchomwa katikati. Kikitoka na uji, bado. Kikitoka safi, au na chembe kavu chache, mkate umeiva. Huachwa dakika 10 katika chombo chake, kisha hugeuzwa juu ya ungo upoe. Mkate ukikatwa ungali moto hunata katika kisu na huonekana mbichi, ingawa si mbichi.

Makala yaliyobaki yasipotee. Makala ya Uvira hutoka miti ya milimani, na milima iliyonyolewa haishiki maji. Mwezi wa Aprili 2020 mvua kubwa ilifurisha mto Mulongwe na mito mingine ya mji, maji yakashuka na mawe na matope, yakabomoa nyumba nyingi na kuua watu. Kwa hiyo mama mwangalifu hupika maharage kwanza, akatumia moto uliokwisha tulia kwa kuoka, na kama sufuria yatosha, huoka mikate 2 pamoja. Maji ya kuoga watoto hupata makala ya mwisho.

Wako wanaooka kwa kuuza. Mwaka 2019 serikali ya Kongo ilianza kutekeleza masomo ya bure katika shule za msingi za serikali, lakini daftari, kalamu na sare hazikuja bure, na shule ya sekondari hutaka fedha. Mkate mmoja hutoa vipande 10. Kama unga, sukari, mayai, mafuta na makala vimekula fedha ya vipande 7, basi vipande 3 vya mwisho ndivyo faida yote. Mtoto akila kimoja njiani na kumpa rafiki kingine, mama amefanya kazi tangu alfajiri kwa kipande kimoja. Ndiyo sababu hesabu hufanywa jioni, na mkate wa nyumbani huokwa mbali na mkate wa soko. Wengine hutumia ncha mbili za mkate, ambazo wanunuzi hawazipendi, kuwa zawadi ya mchukuzi. Hiyo ni njia ya haki.

Wakati wa maembe, embe bivu lililochujwa nyuzi zake laweza kushika mahali pa ndizi, kikombe kimoja kwa mkate mmoja. Papai pia lafaa, ila lina maji mengi. Unga uongezwe kidogo na moto usiwe na haraka. Nanasi hukatwa vipande vidogo na kupikwa kwanza mpaka maji yake yapungue. Parachichi halifai, moto hulifanya chungu.

Mkate huu una unyevu mwingi, na kando ya ziwa pana joto, basi hauishi siku nyingi. Ukifungwa katika kitambaa safi na kuwekwa mahali pakavu, siku ya pili huwa mtamu kuliko siku ya kwanza, kwa sababu utamu wa ndizi umeenea. Siku ya tatu vipande vyake hukaushwa juu ya mbabula, pande zote mbili, na kuliwa pamoja na chai. Ukionekana doa la kijani au jeupe lenye manyoya, mkate wote hutupwa, si lile doa peke yake, kwa maana mizizi ya ukungu huingia ndani mahali ambapo jicho halioni.